Harambee ya Mashine za Nukta Nundu na Nauli za Utafiti, Tabora Mjini

Mwangaluka, ndugu zetu wa Tabora, Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua, Nzega na Igunga, na ninyi mliozaliwa huku mkaenda kutafuta maisha Dar na Mwanza.

Ukipita chuoni kwetu usiku wa wiki ya mitihani utasikia mlio kama wa mtu anayekatakata mboga kwenye ubao. Hiyo ni mashine ya nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kupapasa. Wanachuo wa elimu maalumu wanaitumia kwa zamu: wa kwanza anaanza saa mbili, wa pili saa nne, na wa mwisho anaamshwa na mwenzake saa nane usiku, akiwa bado na shuka begani. Mashine tunazo nne. Mbili nzima, moja haina kengele ya kuonya kwamba mstari unaisha, na ya nne kitufe cha nukta ya tano kimekufa.

Kwa wasiojua, herufi zote za nukta nundu zinatokana na nukta sita tu. Mfaransa Louis Braille ndiye aliyeutunga mfumo huu na kuuchapisha mwaka 1829, naye alikuwa haoni tangu utotoni. Nukta ya tano ikikosekana, E inasomeka A, na H inasomeka B. Kwa hiyo kwenye ile mashine yetu ya nne ukiandika "hela", anayepapasa karatasi anasoma "bala". Wanachuo wanacheka, wanasema mashine inaijua hali ya chuo kuliko mhasibu.

Chuo chetu ni kidogo na ni cha binafsi. Kina shahada za ualimu, elimu maalumu, sosholojia na biashara, basi. Udogo huo una raha yake: mhadhiri anakujua kwa jina, na ukikosa vipindi viwili anampigia mwenzako wa chumbani kuuliza kama unaumwa. Lakini ada ndiyo hiyo hiyo inayolipa mishahara, umeme, maji na walinzi. Ikifika kwenye vifaa inakuwa imechoka.

Sasa kwa nini tunaanza na elimu maalumu, wakati hata paa la bwalo linavuja? Kwa sababu hii ni Tabora. Shule ya kwanza ya viziwi katika nchi hii ilifunguliwa hapa hapa mwaka 1963, na Kanisa Katoliki. Wazazi walipanda treni kutoka mbali kuleta watoto wao. Tunapenda kujisifu kwamba Nyerere alisoma Tabora na baadaye akarudi kufundisha Tabora kabla ya kwenda Uingereza, na ni kweli, tujisifu. Ila mtoto kiziwi wa Usoke naye anahitaji mwalimu wake, na mwalimu huyo anapikwa kwenye vyumba hivi tunavyovizungumzia.

Kumpika si kazi ya mihadhara pekee. Kabla hajagusa mashine, mwanachuo anafundishwa kuandika kwa bamba na kalamu ya chuma, akitoboa kutoka kulia kwenda kushoto, maana nundu zinatokea upande wa pili wa karatasi. Wiki za mwanzo vidole vinauma na kila neno linatoka kinyumenyume. Karatasi yenyewe ni nzito, si ile ya fotokopi, na ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida unaweza kula kurasa mbili au tatu za nukta nundu. Mwaka huu rimu ziliisha kabla ya majaribio ya pili. Wakawa wanafanyia mazoezi kwenye kalenda za zamani, ambazo baadhi yenu mlizileta, na tunawashukuru, msiache kuzileta.

Halafu kuna utafiti. Mwaka wa tatu kila mwanachuo anatakiwa kuandika utafiti wake, na hapo ndipo tunapoumia zaidi. Wenye mkopo mzuri wa Bodi ya Mikopo wanapumua. Wenye asilimia ndogo, na wasiopata kabisa, wanakata utafiti kama fundi aliyeishiwa kitambaa. Binti mmoja alitaka kukusanya alama za viziwi wa mkoa huu. Shule za viziwi nchini zilianzishwa na watu mbalimbali, na kila shule ikakuza alama zake, hata leo ambapo kuna Lugha ya Alama ya Tanzania bado utakuta mzee kiziwi ana alama ya mzinga au ya tumbaku ambayo kijana wa mjini haijui. Binti alipanga kwenda wilaya tatu, akae na wazee na kuwarekodi video kwa ridhaa yao. Nauli ikatosha Manispaa tu. Akaandika alichokipata, akafaulu, tena vizuri. Lakini wale wazee wa Urambo na Sikonge hawajarekodiwa mpaka leo, nao hawazidi kuwa vijana.

Wa biashara nao wana kiu hiyo hiyo. Mwaka jana watatu waliwafuata warina asali kuuliza kwa nini wengi wanabaki na mizinga ya magome, ambayo kuitengeneza ni kuuchuna mti wa miombo gome lake mpaka ufe. Jibu walilolipata halikuwa ujinga kama wengi wanavyodhani. Gome ni bure, mbao za mzinga wa sanduku zina bei, na mnunuzi wa barabarani hamwongezei mrinaji hata shilingi kwa kuuokoa mti. Kazi nzuri kabisa, na imefanywa na watoto wenu kwa baiskeli ya kuazima.

Tunachoomba ni hiki. Mashine mpya sita za nukta nundu na fundi wa kufufua zile mbili mbovu. Karatasi za kutosha mwaka mzima wa masomo. Kamera moja na kompyuta mpakato moja za kurekodia na kuhifadhi alama. Na mfuko wa nauli za utafiti kwa mwaka wa tatu, ambao mwanachuo ataomba kwa maandishi na kurejesha tiketi zake kwa mhazini. Ankara za wauzaji zimebandikwa ubao wa matangazo, kila mtu asome mwenyewe. Hakuna posho ya kamati. Chai tutajinunulia.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya Septemba, uwanja wa chuo, saa tatu asubuhi, chini ya miembe. Tumeivuta hadi huko kusudi, masoko ya tumbaku yawe yamepita. Tunajua wengine mtakuwa bado mnasubiri malipo yenu; mje hivyo hivyo, hata elfu moja inaandikiwa risiti. Mkalimani wa lugha ya alama atakuwepo mwanzo hadi mwisho, na wazazi wenye watoto viziwi tumewatengea viti vya mbele ili wamwone.

Jambo moja tuliseme waziwazi. Harambee ya mwaka juzi ahadi zilikuwa tamu, makofi yakapigwa, na nyingi zikaishia pale pale kwenye viti. Safari hii usiahidi kikubwa. Toa ulichonacho mkononi, au lete kitu: dumu la asali, gunia la karanga, mchele wa Igunga, mbuzi. Wahitimu mlio mbali, mwombeni mwenzenu aliyeko Tabora awatolee na awatumie picha ya risiti.

Mnada utaanza saa sita. Wanaoleta kuku tunaomba muwafunge miguu vizuri. Mwaka juzi jogoo mmoja alichomoka bei ikiwa imefika elfu arobaini, akapanda mwembe, na mnunuzi akakataa kulipa mpaka ashushwe.