Mama anafunga kila Jumatano mdogo wangu aache pombe, mi sielewi tena tunamwomba Mungu afanye nini

Habari za saizi ndugu mshauri pamoja na wasomaji wote, wakubwa shikamooni. Nasoma ukurasa huu siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo imebidi, maana hili jambo nikilipeleka kanisani naonekana nimepungukiwa imani na nikilipeleka kijiweni nachekwa.

Mi ni mtu wa Rungwe, kwetu ni Wamoraviani tangu babu. Nina mdogo wangu, ananifuata ziwa, anaendesha bodaboda na anakunywa. Sio ile ya wikiendi na rafiki, huyu anaanza na gongo asubuhi kabla hajanawa uso, mchana hajulikani alipo, usiku analetwa. Mkewe kavumilia weee mpaka mwisho kabeba watoto kaenda kwao. Tajiri mwenye pikipiki naye ameshachoka, anasubiri sababu tu.

Sasa mama. Kila Jumatano mama hali kitu mpaka jioni, na saa kumi na mbili anatandika mkeka chumbani kwake, anachukua shati la mdogo wangu la siku hiyo, analitandaza katikati ya mkeka tunalizunguka tunaliombea. Shati linanuka gongo mpaka macho yanawasha. Mama anaweka mkono pale kwenye mfuko wa kifuani anasema Bwana ugeuze huu moyo, uondoe moyo wa jiwe kama ulivyosema kwa Ezekieli. Tukimaliza analifua usiku huohuo analianika. Na mimi ndo nakuwa msaidizi wake kwenye hayo maombi kwa sababu naishi nae karibu.

Tatizo lilianza siku nilipokaa na mdogo wangu akiwa mzima kidogo, nikamwambia mama anateseka kwa ajili yako. Akanijibu kaka, Mungu akitaka niache nitaacha, asipotaka hata mfunge mwaka mzima ni bure, si mnasema hakuna kinachotokea bila yeye kupenda? Nikabaki nimetoa macho. (Huyuhuyu siku trafiki wakisimama njia panda hamwachii Mungu, anakata kona mwenyewe anapita migombani, lakini kwenye pombe ndo amekuwa mtu wa kukabidhi mapenzi ya Mungu!)

Nikaenda kwa mzee mmoja wa kanisa namheshimu sana, akanifungulia Kutoka, Mungu anaufanya moyo wa Farao kuwa mgumu, akanipeleka Warumi 9, mfinyanzi na udongo, akasema Mungu ndiye anayegeuza mioyo na anamgeuza amtakaye. Sawa. Nikamuuliza mlokole mmoja anayesoma chuo cha Biblia, yeye akasema hapana, Mungu ametupa hiari, soma Kumbukumbu la Torati 30 watu wanawekewa uzima na mauti wachague, soma Ufunuo 3 Yesu anasimama mlangoni anabisha, habomoi mlango. Akanambia na huu ugomvi ni wa zamani sana, Luther na msomi Erasmus waliandikiana hayohayo miaka ya 1524 na 1525, Erasmus akitetea hiari na Luther akiikataa, halafu wafuasi wa Calvin, wanaosema Mungu ndo anachagua, na wa Arminius, wanaotetea hiari, wakakaa sinodi nzima, yaani mkutano mkuu wa kanisa, kule Dort Uholanzi 1618 mpaka 1619, wa Arminius wakashindwa, baadae huyo Wesley wa Wamethodisti akaja kuwatetea. Nilimsikiliza vizuri ila moyoni nasema kama wasomi wote hao wameshindwa kumalizana, mi wa huku Tukuyu na shati langu la gongo nitamaliza lini.

Maana angalieni nilipokwama. Kama mzee wa kanisa ndo mkweli, basi Mungu angeweza kumwachisha mdogo wangu leo na hajafanya, na kufunga kwa mama kunaongeza nini? Na kama yule wa chuo ndo mkweli, Mungu halazimishi mtu, basi tunapomwambia ageuze moyo wa mtu ambae mwenyewe hataki kugeuka tunamwomba kitu alichokwisha kusema hafanyi! Na Mathayo 6 inasema Baba anajua tunachohitaji kabla hatujamwomba, kwa hiyo sio kwamba hana taarifa.

Najua mtaniambia Hezekia, kweli aliambiwa anakufa akalia akaongezewa miaka 15, na Ninawi walisamehewa. Lakini Hezekia alijiombea mwenyewe, Ninawi walivaa magunia wenyewe. Mi naulizia maombi ya kumwombea mtu asiyetaka. Hapo ndo pagumu.

Shemeji yangu ndo kanimaliza kabisa. Nilienda kumwona kwao, akanambia shemeji mi kabla ya kuolewa niliomba mume, nikafunga, mchungaji akathibitisha, nikapewa huyu, sasa niambie lile jibu lilitoka kwa nani? Sikuwa na la kusema nikacheza na watoto nikaondoka.

Aliyenipa nafuu kidogo ni jirani yangu mmoja, mama wa WAWATA, ile jumuiya ya wanawake Wakatoliki. Alinihadithia Mtakatifu Monika, mama yake Augustino, hawa ni Waafrika kabisa, upande wa Algeria ya leo. Monika alimlilia mwanae miaka na miaka. Augustino alipotaka kwenda Italia mama akaomba sana asiende, mtoto akamdanganya akapanda meli usiku. Na hukohuko Italia ndo akaokoka, akabatizwa Milano mwaka 387. Yaani ombi la asiende lilikataliwa ili ombi kubwa likubaliwe, na huyohuyo Augustino ndo baadae akawa mtetezi mkubwa wa neema ya Mungu kugeuza utashi wa mtu, alipokuwa anabishana na Pelagius aliyesema mtu anaweza kuchagua mema kwa utashi wake mwenyewe. Ila kuna kipande kingine jirani alinisimulia huku anacheka, kwamba Monika mwenyewe akiwa binti alikuwa anaibia divai ya nyumbani kidogo kidogo mpaka ikawa tabia, na kilichomwachisha ni kijakazi aliyegombana nae akamwita mlevi, ikamchoma akaacha. Augustino anaandika kwamba hata hapo ni Mungu alikuwa anatibu. Hii imeniingia kuliko zote, kwamba labda jibu linapitia mdomo wa mtu mwingine, tena mwenye hasira.

Ndo nikaleta wazo nyumbani tumpeleke soba hausi, zile nyumba za kuwaachisha watu ulevi, hela ya maparachichi ipo, tumshike tumpeleke hata kama hataki. Mama kakataa kata kata. Anasema kumlipa mtu amfungie mwanangu ni kumwambia Kyala (ndo Mungu kwa Kinyakyusa) ameshindwa, subirini. Nikamwambia mama mbona ulivyokuwa na presha uliomba na dawa ukameza? Kaninunia mpaka leo, lakini Jumatano ikifika mkeka unatandikwa na naitwa vilevile, mwanangu njoo.

Naomba ushauri wenu kwa haya. Je niendelee kupiga magoti pale wakati mdomo unasema amina na kichwa kinabisha, au hiyo ni dharau kwa Mungu na kwa mama? Na hili la soba hausi, kama Mungu mwenyewe halazimishi, sisi ndugu tuna haki ya kulazimisha? Kikao cha familia kipo mwisho wa mwezi, kaka mkubwa anapanda kutoka Dar na ameshasema atasimama na upande wangu, kwa hiyo mama atabaki peke yake, kitu ambacho sikipendi.

Wale mlioishi na mlevi ndani na mkamwombea, hasa nyie naomba mniandikie. Mlikuwa mnamwambia Mungu nini, maneno yenyewe yalikuwaje?