Kuhusu ile "Wi-Fi ya bure" ya chuo chetu

Bwana Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu kwa miaka kumi na miwili bila kuwaandikia neno, lakini ile taarifa yenye picha ya mkurugenzi akikata utepe mbele ya chuo chetu, kando ya barabara ya Kasenga hapa Kongo, imenishinda kuinyamazia. Mliandika kwamba wanafunzi wetu "wamepata Wi-Fi ya bure".

Hawajaipata, na wanachokisubiri si cha bure. Wanasubiri mtandao wa utafiti na elimu, yaani vyuo vyenyewe kuungana na kununua njia kubwa ya intaneti kwa pamoja, badala ya kila mwalimu kujinunulia mega, yaani bando la intaneti, kwa pesa yake, kisha kupitishia humo vitabu, mihadhara na data za utafiti. Wakenya wana KENET tangu 1999. Mitandao ya mashariki na kusini mwa Afrika imekusanyika katika UbuntuNet Alliance, yenye ofisi yake Lilongwe, na Umoja wa Ulaya umechangia sehemu kubwa ya gharama kupitia mradi wa AfricaConnect ulioanza 2011. Kongo nayo ina wake, Eb@le, jina ambalo kwa Kilingala ni mto. Kwetu mto huo haujafika. Kilichofika ni antena moja juu ya paa, na kisanduku cha intaneti kilichofungiwa katika ofisi ya mkurugenzi, ambaye ufunguo huutia mfukoni hata anapokwenda mji wa Likasi.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa kilimo alikuwa anatetea kazi yake, na mtahini mmoja, aliyekuwa Lusaka, alikubali kutufuata kwa video. Saa tatu asubuhi umeme ukakatika, kisanduku kikazimika, na hata uliporudi hakuna aliyeweza kukiwasha, kwa kuwa mkurugenzi alikuwa safarini. Kijana amesimama na koti la kuazima ambalo mikono yake inamfunika vidole. Mama yake ametoka kijijini na kuku ndani ya kikapu. Nilimtuma mtu kwa pikipiki kwa mama anayeuza yunite, yaani vocha za simu, sokoni, nikaweka mega katika simu yangu, tukatoka na viti vyetu hadi chini ya mwembe, maana ndiko rezo, yaani mtandao wa simu, inakokamatika, na simu tukaiegemeza kwenye chupa ya maji. Mtahini aliuliza swali moja mara tatu: "Na mbolea ya...", kisha kimya. Mpaka leo hatujui alitaka kuuliza mbolea gani. Alama zake alizituma jioni kwa ujumbe mfupi, na mega nililipa mimi, mwalimu ambaye mshahara wake mnaufahamu, huku ukutani kukiwa na kibao kinachomshukuru kila mtu isipokuwa atakayelipa ada ya kila mwezi, kwa sababu huyo hajulikani.

Na umeme wenyewe! Waya wa umeme kutoka bwawa la Inga umesafiri kilomita zipatazo 1,700 hadi Kolwezi, ukipita juu ya vijiji ambavyo havijawahi kuwasha hata balbu moja, na sasa naona intaneti imejifunza tabia hiyohiyo: inaingia kutoka Zambia kwa njia ya mpaka wa Kasumbalesa, inafika Lubumbashi, inakaa huko. Chuo kina jenereta. Mafuta yake yana bajeti ya siku ya sherehe, hayana bajeti ya Jumanne.

Kwa hiyo naomba mtutumie tena yule mwandishi wenu. Aje Jumanne, saa tisa alasiri, bila kumpigia mkurugenzi simu na bila mega hata moja, apige picha ya kile kisanduku kupitia tundu la ufunguo, kisha awatumieni kwa mtandao wetu. Ikiwafikia kabla hamjachapisha toleo linalofuata, nitalipia ukurasa mzima wa kuwaomba radhi. Chakula chake cha mchana nitakigharamia mimi; yule kuku alibaki kwangu.

Mwalimu wa kilimo,
Barabara ya Kasenga