Aksanti, papa wa chukudu

Papa, jina lako silijui. Tarehe 27 Mei 2021, siku 5 baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, tuliambiwa tuhame, na Goma ikamwagika kwenye barabara ya Sake. Mimi mchungaji nilihesabu waamini wangu: wajane, mama wa kwaya, mzee shemasi na godoro lake. Wote walikuwepo. Kufika Mugunga, mke wangu akauliza, “Na mtoto?” Miaka 6! Kila mmoja wetu alidhani yuko kwa mwenzake.

Jioni nilikukuta Sake, umelaza chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, kando ya njia. Mwanangu ameketi juu ya gunia la viazi, anatafuna hindi la kuchoma, mguu mmoja una kiatu, mwingine umefungwa kitambaa chako. Ulimsukuma mwendo wote ule, na hukunigombeza (ningestahili). Ulisema tu, “Papa pasta, huyu amenichosha na maswali.” Kabla sijatoa pesa mfukoni, ulishashika usukani na kuondoka.

Siku hizi anapiga ngoma kanisani. Nikihubiri juu ya kondoo aliyepotea, ananitazama na kucheka.