Vitabu vya zamani vinawapotosha watahiniwa wa PSAT

KWA MHARIRI,

Kila Oktoba inapokaribia, wazazi wenye watoto wanaolenga vyuo vya Marekani huonekana katikati ya jiji wakinunua vitabu vizito vya mitumba vya kujiandalia PSAT, mtihani unaotangulia SAT, ule wa kuombea nafasi katika vyuo hivyo. Wengi wanatupa pesa. Tangu 2023 mtihani huo haufanywi kwa karatasi, bali kwa tarakilishi kupitia programu ya Bluebook.

Kabla ya kulipa, tazama kitabu kilichapishwa lini. Cha kabla ya 2015 kitamwonya mtoto asibahatishe, kwani jibu baya lilimkata robo alama. Adhabu hiyo iliondolewa, kwa hiyo kuacha pengo sasa ni hasara tupu. Vya baadaye, hadi 2022, vina vifungu virefu na sehemu ya hisabati isiyoruhusu kikokotoo. Leo kifungu ni maneno 25 hadi 150, swali moja tu, na kikokotoo cha Desmos kimo ndani ya programu.

Kusoma na Kuandika ni maswali 54 kwa dakika 64. Hisabati 44 kwa dakika 70. Kila sehemu ina vipande viwili, na mtego uko hapo. Ukivurunda kipande cha kwanza, unaletewa cha pili kilicho rahisi, na hata ukikipata chote huwezi kukaribia 1520, alama ya juu kabisa. Ndiyo maana kukimbia mwanzoni ili “kuokoa muda” ni kosa: dakika zilizobaki hazihamii kipande kinachofuata.

Aliyezoea KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, huumia zaidi kwenye hisabati. Kule, ukidondosha ishara ya kutoa, bado unaambulia alama za hatua. Huku jibu la mwisho ndilo pekee linalosahihishwa, na takriban robo ya maswali hayana machaguo.

Bluebook ina majaribio kamili ya bure. Mtoto ayafanye kwa kupimiwa muda, kwenye kipakatalishi atakachokitumia siku yenyewe, kisha kila kosa aliandike daftarini pamoja na sababu yake: hakujua, alisoma vibaya, au muda ulimwishia. Tiba za makosa hayo hazifanani.

Usajili hupitia shuleni, si mtu binafsi. Nao ufadhili wa masomo wa National Merit, unaoshindaniwa kwa alama za PSAT na unaopigiwa debe, haumhusu Mkenya asiye na uraia wala ukaazi wa kudumu wa Marekani.

Intaneti ikikatika katikati ya mtihani, aendelee tu. Inahitajika wakati wa kuanza na wa kutuma majibu. Betri ndiyo isiyosamehe: iweze kukaa saa 3 bila stima.

Mwalimu wa Hisabati,
Nairobi