Ile manowari ya Rufiji ilikuwa na njaa

Kiel, Ujerumani

Babu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku imenifunza kuvaa suruali mbili.

Babu, ile Königsberg yenu, manowari ya Kijerumani iliyojificha mto Rufiji, imezaliwa hapa hapa ninapoishi. Iliteremshwa majini Kiel mwaka 1905. Ulitusimulia kwamba ilijificha kule kwa kumwogopa Mwingereza. Unisamehe, leo nabisha kidogo: zaidi ilikuwa njaa ya makaa. Bandari za kujazia hazikuwepo. Agosti 1914 waliiteka meli ya Kiingereza karibu na Oman, City of Winchester, wakaifyonza makaa yake, nayo yakawa mabovu, ya kutoka India. Walipokwisha kuizamisha Pegasus, manowari ya Mwingereza, pale Unguja, tarehe 20 Septemba, mtambo ukawavunjikia, wakarudi Rufiji. Vyuma vilivyoharibika vikaburutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa. Walioburuta ni watu wetu, na katika nilivyosoma huku sijakuta jina la hata mmoja.

Kupakia makaa katikati ya bahari ilikuwa adhabu: magunia, vumbi, meli mbili zinagongana ubavu kwa ubavu. Bahari ikichafuka, kazi imekwisha. Mafuta ndiyo yaliyoleta nafuu, maana hupita kwenye mpira. Mei 1917 meli ya Kimarekani, Maumee, ilizijaza mafuta manowari ndogo zilizokuwa zikienda Ireland, katikati ya Atlantiki, zote zikitembea sambamba. Mmoja wa waliobuni mpango ule ni Chester Nimitz, yule aliyekuja kuongoza manowari za Marekani Pasifiki.

Wajerumani nao hawakusahau njaa. Mwaka 1937 hapa Kiel waliteremsha Altmark, duka zima linaloelea: mafuta, risasi za mizinga zimo, chakula kimo. Mwaka 1939 ndiyo iliyoilisha manowari yao Graf Spee huko Atlantiki ya Kusini. Vita vilipokwisha, ndugu yake Dithmarschen akaishia kwa Wamarekani, wakamwita Conecuh, wakamchunguza vizuri. Mwaka 1964 wakaingiza kazini Sacramento yao, kubwa kuliko zote hizo, yenye kubeba kila kitu.

Kile chuma unachofungia mbuzi, ulichosema kilitoka kwenye ile manowari, mwambie Zuwena akipige picha kwa karibu, hasa kama kina maandishi. Hela ya dawa nimemtumia yeye kwenye simu. Usimkopeshe Athumani.

Mjukuu wako,
Saidi