Risala ya Akina Mama Wafumaji wa Kilembe kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC1), viongozi wa dini, wazazi na majirani zetu, hamjambo.

Karibu Kilembe, wilayani Kasese, Uganda. Sisi ni akina mama 18, tunafuma kwa kroshia na kwa sindano mbili. Vitambaa vya makochi, soksi za watoto wachanga na sweta umeviona pale mezani. Tunaomba tukueleze habari ya kofia moja tu, ile ya buluu aliyovaa mtoto wa safu ya mbele.

Mwenzetu alifiwa na mama yake, akaachiwa sweta kuukuu iliyotoboka viwiko. Haivaliki, na kuitupa hawezi. Alipopata ujauzito akatuletea. Tuliifumua jioni nzima, mmoja anavuta uzi, mwingine anauzungushia mgongo wa kiti. Ulitoka umejikunjakunja, maana ulikaa kwenye vitanzi miaka mingi. Tukaufua, tukauning'iniza na jiwe chini mpaka ukanyooka. Ndipo akaanza kofia. Mtoto hakumkuta bibi yake, lakini baridi ya milima ya Rwenzori ikishuka bondeni usiku, kichwa chake kimefunikwa na uzi ule ule.

Tunaulizwa, mbona mnajisumbua na sweta za mitumba zimejaa sokoni? Mheshimiwa, mtumba unakinga baridi, hatukatai. Ila aliyeitengeneza hakukujua. Anayefuma anahesabu vitanzi huku anamuwaza mvaaji, na akigundua mstari wa 20 kwamba alikosea wa tatu, anafumua na kurudi nyuma. Tena kroshia hata viwandani hufumwa kwa mkono. Kila kitambaa chake kuna mtu alikaa nacho.

Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, wapo kati yetu waliotoka na mtoto mgongoni na blanketi lake la kufumwa, basi. Mablanketi hayo hayauzwi kwa bei yoyote.

Shida yetu ni uzi. Kasese inalima pamba, lakini sisi tunafumia akriliki, uzi usio wa asili, unaonunuliwa Kampala, na nauli inatuumiza. Tunaomba utusaidie kupata uzi wa pamba, na utuombee nafasi shuleni tuwafundishe watoto siku za Jumamosi.

Mwisho, pokea shali hii. Kila mmoja wetu amefuma mistari 10. Ukiipapasa utasikia mahali mkono ulipokaza na mahali ulipolegea; hapo ndipo tulipopokezana.

Tunaomba kuwasilisha.