Usimlaumu fundi, ngazi imeharibiwa na moto

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliwashukia mafundi wa kuchomelea kwa sababu ngazi yake ya alumini ilikatika tena baada ya kutengenezwa. Lakini yeye mwenyewe ameandika kuwa ilikatika pembeni, upana wa kidole kutoka kwenye mshono. Mshono umeshika. Basi fundi wake alichomelea vizuri tu. Kilichoharibika ni alumini iliyo jirani, na imeharibiwa na moto wa kuchomelea.

Nimefanya kazi ya bodi za ndege mpaka nikastaafu. Kule hakuna anayesogeza moto kwenye alumini kabla ya kujua ni aloi (mchanganyiko wa metali) gani na imepitia nini. Ngazi nyingi ni za aloi iitwayo 6061 au jamaa zake, zenye magnesi na silikoni kidogo. Kiwandani hupashwa hadi karibu nyuzi 530, huzamishwa majini ghafla, kisha hukomazwa tanurini kwenye nyuzi 160 hadi 175 kwa saa nyingi. Ndani ya alumini hujitokeza chembe ndogo mno zinazoizuia metali isipinde kirahisi. Aloi hiyo ikiwa laini hukatika kwenye megapaskali (kipimo cha nguvu ya metali) 125 hivi. Ikikomazwa hufika 310. Ikipashwa kupita kiasi, chembe hunenepa na kupungua idadi, nguvu nayo hushuka. Ndiyo hali ya pembeni mwa mshono. Tena alumini haiwi nyekundu kama chuma kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo huoni dalili yoyote.

Mjerumani Alfred Wilm ndiye aliyegundua jambo hili mwaka 1906: aloi aliyoizamisha majini ilizidi kuwa ngumu ikiwa imekaa tu. Sisi ribiti (pini za kugonga za kuunganishia mabati ya ndege) za aloi iitwayo 2024 tulizitunza kwenye friza kwa sababu hiyohiyo. Ukizisahau mezani zinakaza zenyewe, na ukizigonga zinapasuka. (Wanafunzi wa karakana walidhani tunawatania.)

Sufuria chomelea upendavyo, haibebi mtu. Kwa ngazi, fungeni kipande cha kuunga kwa boliti, au mguu wote ubadilishwe. Na mwenye duka anayeuza ngazi iliyokwisha chomelewa kama mpya, amwambie mnunuzi kabla ya kupokea pesa.

Fundi mstaafu wa ndege,
Mwanza